Kosa la Tokyo na mtungi wa Ruiru

Oktoba 2022 kipindupindu kilizuka Kenya, na wagonjwa wa kwanza walikuwa wamehudhuria harusi katika Kaunti ya Kiambu. Kabla mwezi haujaisha, ugonjwa ulikuwa umefika Nairobi na Nakuru.

Ruiru, mji wa kaunti hiyohiyo, unashiriki jina na bwawa linalonywesha Nairobi tangu mwaka wa 1950 hivi, huku baadhi ya wakazi wa Ruiru wenyewe wakinunua maji kwa mtungi. Kujua kama mtungi una vijidudu vya kinyesi, sampuli hupelekwa maabara, bakteria huoteshwa kwenye joto, na jibu hutoka baada ya siku nzima au zaidi. Ni njia ya zama za Robert Koch, aliyemtambua bakteria wa kipindupindu mwaka wa 1884. Jibu likitoka, maji yameshanywewa.

Njia ya mkato ilianza Marekani mwaka wa 1962, Leland Clark alipounganisha kimeng'enya na elektrodi ili kupima sukari. Baadaye watafiti walitafuta utando wa kushika bakteria na kupitisha umeme kwa pamoja. Hapo ndipo linapoingia kosa la Tokyo.

Mwaka wa 1967, katika maabara ya Tokyo alimofanya kazi Hideki Shirakawa, mtafiti mgeni kutoka Korea, akitengeneza plastiki, alitia kichocheo mara 1,000 zaidi ya kipimo. Badala ya unga mweusi, ukatokea utando unaong'aa kama fedha. Nani alikosea, aliyeagiza au aliyesikia? Masimulizi hayakubaliani mpaka leo. Miaka kadhaa baadaye Alan MacDiarmid aliuona utando huo akiwa ziarani Japani, akamwalika Shirakawa Marekani. Pamoja na Alan Heeger wakautia iodini, na mwaka wa 1977 wakatangaza kuwa uwezo wake wa kupitisha umeme umepanda mara milioni 10. Wakapewa Nobeli ya kemia mwaka wa 2000.

Waaustralia walikuwa na haki ya kununa. Donald Weiss na wenzake walishachapisha mwaka wa 1963 habari za polipiroli, plastiki nyingine inayopitisha umeme. Tuzo haikuwagusa, ingawa polipiroli ni mojawapo ya zinazopendwa leo kwenye vitambuzi vya vijidudu: kingamwili hubandikwa juu yake, bakteria akinasa, umeme hubadilika, na kifaa husoma kwa dakika chache.

Basi kwa nini wauza maji wa Ruiru hawana kifaa hicho? Kanuni inataka pasiwe hata bakteria mmoja wa kinyesi aina ya E. coli katika mililita 100, ilhali kitambuzi huonja tone tu. Matope huziba utando. Tena vingi vya vitambuzi hivi havitofautishi bakteria hai na aliyeuawa na klorini. Vikwazo hivi havimalizwi kwa maji safi ya maabara za Ulaya. Vinataka majaribio kwa maji ya mto Ruiru yenyewe wakati wa masika. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kiko Juja, mji wa jirani, na kaunti iliyoshuhudia wagonjwa wa kwanza ndiyo ingepaswa kuwa ya kwanza kugharimia majaribio hayo.