Kiunzi Kisicho na Pambizo: Kompyuta za Mkononi na Lugha ya Taarifa za Afya nchini Uganda, 2003–2012

Historia ya kompyuta za mkononi nchini Uganda imezoeleka kuelezwa kama historia ya kasi na gharama. Swali la lugha halijapewa uzito: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuunda na kuhariri kiunzi cha taarifa, yaani mpangilio wa vichwa, vipengele na nafasi za kujazwa?

Mwaka 2003 Mtandao wa Taarifa za Afya wa Uganda (UHIN) ulianzishwa na Uganda Chartered HealthNet ya Kampala, Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Makerere na shirika la SATELLIFE la Marekani, kwa ufadhili wa IDRC ya Kanada. Wahudumu wa afya katika wilaya kama Rakai na Mbale walijaza ripoti kwenye vifaa vya Palm, kisha wakavielekeza kwenye kisanduku maalumu kilichopokea data kwa mwale wa infraredi na kuituma Kampala kupitia mtandao wa simu. Kwa njia hiyohiyo walipokea barua pepe na makala za tiba. Tathmini ya gharama ilionyesha nafuu ya asilimia 24 ikilinganishwa na karatasi.

Nafuu hiyo haikuwa ndogo. Hata hivyo, badiliko kubwa zaidi lilikuwa katika kiunzi chenyewe. Kuhariri fomu ya karatasi kulidai kuchapisha upya na kusafirisha maboksi hadi wilayani, ilhali kwenye kompyuta ya mkononi kipengele kiliweza kuongezwa, kuhamishwa au kurukwa kulingana na jibu lililotangulia. Lakini karatasi ina pambizo. Muuguzi asiyeona nafasi ya jambo alilolikuta huliandika pembeni, na kwa kufanya hivyo huhariri kiunzi, hata kama hakuna aliyemtuma. Kioo cha Palm, chenye nukta 160 kwa 160, kilionyesha mistari michache tu. Mjazaji hakuiona fomu nzima kwa mara moja, wala hakuwa na pembeni pa kuandika. Aliweza kujitungia muhtasari wake katika daftari la kifaa, ila huo haukuwa sehemu ya ripoti.

Fomu rasmi zilikuwa za Kiingereza, ilhali mazungumzo na mgonjwa yaliweza kuwa ya Kiluganda au Kimasaba. Hata uandishi kwa kalamu ya plastiki ulikuwa na upendeleo wake: herufi za Kiswahili zote zilipatikana, lakini ŋ ya Kiluganda haikuwamo katika msimbo wa kawaida wa kifaa, hivyo mwandishi alilazimika kutumia ng'. (Wapo waliokwisha kuzoea kufanya hivyo kwa taipureta.)

Kufikia 2012 mfumo wa DHIS2 ulikuwa umeenezwa nchini. Mfumo huu huruhusu jina la kipengele kutafsiriwa bila kugusa msimbo wake. Kikwazo cha kiufundi kimeondoka. Kiswahili nacho kilitambuliwa katika Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri likakiidhinisha tena mwaka 2022. Kilichobaki ni uamuzi wa istilahi, nao si mwepesi. Katika matumizi ya kila siku, homa ya Kiswahili na omusujja ya Kiluganda hutaja joto la mwili na pia malaria. Kiunzi chenye vipengele viwili tofauti kwa hali hizo kinahitaji majina mawili yasiyogongana, na anayejua mahali yanapogongana ni muuguzi aliyeketi na mgonjwa.