Ugonjwa wa Mishipa ya Damu Ulivyofika Kakamega

Katika mwaka 1929 daktari mmoja wa Kiingereza, jina lake C. P. Donnison, aliandika katika gazeti la madaktari, The Lancet, habari iliyowastaajabisha wengi. Alikuwa amekaa miaka kama miwili magharibi mwa Kenya, katika nchi iliyoitwa Kavirondo, kando ya Ziwa Victoria. Wagonjwa wapatao 1,800 walilazwa hospitalini kwake, wala hakuona hata mmoja mwenye shinikizo kubwa la damu. Akaazimia kuwapima na watu wazima wa afya, wapata 1,000. Vijana walilingana na vijana wa Ulaya. Lakini waliopita miaka 40 shinikizo lao lilishuka, ilhali la Wazungu hupanda.

Habari ile ilikuwa ya kweli kwa wakati wake. Kosa lilikuwa kwa wale walioisoma kana kwamba ni tabia ya damu ya Mwafrika, isiyobadilika. Kwa miaka mingi madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa wa mishipa haumhusu, na hospitali zikapangwa kwa maradhi mengine: malaria, tauni, ndui na malale. Mengi ya hayo humwangusha mtu ghafula. Huletwa, hutibiwa, hurudi kwake akiwa mzima au hafi ila huko huko. Ugonjwa wa mishipa hauna mwendo huo. Kuta za mshipa hukakamaa na njia ya damu husonga polepole, miaka na miaka, bila maumivu yoyote. Kisha mtu huona mguu ukimuuma akitembea na kutulia akipumzika. Kidonda kidogo cha kidole hakiponi. Siku moja kidole huwa cheusi. Mgonjwa wa namna hii ataka daftari litakalotunzwa, dawa ya kila mwezi, na mtu wa kumwuliza kwa nini hakuja.

Nayo maisha yalikuwa yakibadilika. Makao makuu ya Kavirondo ya Kaskazini yalihamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega mwaka 1920, na dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931 wageni walimiminika kwa mamia. Wenyeji nao walikwenda mbali, kwenye mashamba makubwa, kwenye reli, na Nairobi. Yaliyowapata wasafiri kama hao yalionekana wazi mwaka 1990, wataalamu walipotangaza matokeo ya kuwafuata Waluo, majirani zetu, waliotoka vijijini kwenda kukaa Nairobi. Katika miezi michache tu shinikizo la damu yao lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki nyumbani. Uzito uliongezeka, na chumvi pia. Damu ni ile ile, wala babu zao hawakubadilika. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba safari ya basi ya siku moja ilimjibu msomaji mvivu wa Donnison.

Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima wa Kenya wana shinikizo kubwa, na zaidi ya nusu hawajapimwa hata mara moja maishani.

Lakini madaktari bingwa walikuwa wapi? Kwa muda mrefu walikusanyika Nairobi, katika hospitali ya King George VI, ambayo baada ya uhuru iliitwa Kenyatta. Donge la damu likiziba ghafula mshipa mkubwa wa mguu, madaktari wa upasuaji huhesabu saa sita hivi kabla nyama haijaanza kufa. Na safari ya gari kutoka Kakamega hadi Nairobi peke yake yaweza kuzimaliza. Ilikuwa nafuu kubwa, basi, hospitali ya Moi ya Eldoret ilipofanywa hospitali ya rufaa ya taifa mwaka 1998.

Mwaka 2013 kazi ya afya ilikabidhiwa kaunti, nayo Kakamega ikaanza kujijengea hospitali kubwa ya mafunzo na rufaa. Mwaka 2015 serikali kuu ilifanya mapatano ya kuzipa hospitali mbili za kila kaunti mashine mpya, zikiwamo za kusafisha damu ya wenye figo zilizoharibika. Siwezi kuzidharau, zimewaokoa watu. Hata hivyo mashine ile humpokea mtu mwisho wa njia, baada ya shinikizo kuzila figo zake kwa miaka kumi au zaidi. Mwanzo wa njia uko katika zahanati ya kijijini, kwa tabibu mwenye kipimo cha mkononi na simu ya kumwita bingwa. Huyo humvua mgonjwa viatu, akaweka vidole viwili upande wa juu wa wayo na kutafuta mpigo wa damu. Mpigo ukikosekana, huandika barua ya rufaa siku ile ile.