Aunsi 10 au 16? Glovu Nzito Haikutengenezwa kwa Ajili Yako

Weka picha hii kichwani. Ni jioni pale Ngulyati, wilayani Bariadi, jua limepoa na kazi ya shamba la pamba imeisha kwa siku hiyo. Vijana wawili wameangalia mapambano ya ngumi kwenye simu mpaka bando limekata, sasa wanataka kujaribu wenyewe. Mmoja ana kilo 78, mwingine kilo 58. Glovu zilizopo ni jozi mbili: moja imeandikwa 10 oz, nyingine 16 oz. Nani avae ipi?

Wengi watajibu fasta: huyo mdogo apewe nzito ili ngumi yake iwe na uzito kidogo, huyo mkubwa achukue nyepesi maana yeye nguvu tayari anazo. Ukisikiliza haraka haraka inaonekana ni haki. Kumbe ndiyo njia ya mkato ya kumpeleka mdogo hospitali.

Kosa hilo linatokana na kitu kimoja: watu wanadhani glovu ni silaha, na silaha nzito ndiyo inayoumiza zaidi. Historia ya glovu inasema kinyume kabisa.

Zilianza mazoezini, sio ulingoni

Uingereza ya miaka ya 1740, ngumi zilikuwa za mikono mitupu. Hakuna glovu, hakuna raundi za dakika 3, mtu alipigana mpaka ashindwe kusimama. Bingwa wa zama hizo aliitwa Jack Broughton. Mwaka 1741 alipigana na George Stevenson, na Stevenson akafariki kutokana na kipigo kile. Mwaka 1743 Broughton akatoa kanuni za kwanza za mchezo huo zilizoandikwa, ikiwemo marufuku ya kumpiga mtu aliyekwisha anguka.

Ila Broughton alikuwa pia na shule yake ya ngumi jijini London, na wanafunzi wake walikuwa watoto wa mabwanyenye. Hao walitaka kujifunza ngumi, ila hawakuwa tayari kurudi nyumbani na jicho jeusi, taya limevunjika au pua inatoka damu. Broughton akawatengenezea mifuko laini ya kuvaa mikononi. Hizo ndizo babu wa glovu za leo.

Angalia hapo vizuri. Glovu haikuzaliwa kwa ajili ya pambano. Ilizaliwa kwa ajili ya sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi na mwenzako ambaye kesho utamhitaji tena. Mapambano yenyewe yaliendelea kwa mikono mitupu kwa zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1867 zikachapishwa kanuni za Queensberry, zikataka glovu zitumike ulingoni. Hata hapo watu hawakubadilika siku moja. Tarehe 8 Julai 1889, kule Mississippi nchini Marekani, John L. Sullivan na Jake Kilrain walipigana mikono mitupu raundi 75 kwenye jua kali kugombea ubingwa wa uzito wa juu. Hilo ndilo lilikuwa la mwisho la aina yake. Tarehe 7 Septemba 1892, New Orleans, Sullivan huyo huyo akavaa glovu za aunsi 5 na akatandikwa na James Corbett katika raundi ya 21. Zama mpya zikaanza.

Na hapa ndipo pana utata. Mtu wa mikono mitupu aliogopa kupiga fuvu kwa nguvu zote, kwa sababu fuvu ni gumu na vidole vya mkono ni vifupa vidogo. Akikosea anavunjika yeye. Glovu ndogo ilipomlinda mpigaji, kichwa kikawa shabaha ya kudumu. Kwa hiyo glovu nyembamba inaulinda mkono wako zaidi kuliko inavyolinda kichwa cha mwenzako. Ili mwenzako naye apate kinga, lazima sponji iongezeke.

Makunduchi walishaijua siri hii

Wala sio lazima kwenda London kutafuta akili hii. Kule Makunduchi, Unguja, kila mwaka mwezi Julai hufanyika Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya. Wanaume wanachapana hadharani, wanatoa dukuduku za mwaka mzima, kisha yanaisha na watu wanakula pamoja. Wanachapana kwa migomba. Zamani zilitumika fimbo.

Wazo ni lile lile. Unabadilisha kifaa ili watu waweze kupigana kweli, jasho litoke, hasira iishe, na bado kesho yake wote wawe wazima. Glovu ya sparingi ndiyo mgomba wa bondia.

Namba zinasema nini

Aunsi moja, au wakia ukipenda Kiswahili cha vitabuni, ni kama gramu 28. Glovu ya aunsi 8 ina gramu kama 227. Ya aunsi 10 ni 283. Ya 12 ni 340, ya 14 ni 397, na ya 16 ni 454, yaani karibu nusu kilo ya sukari kwenye kila mkono.

Kwenye ngumi za kulipwa, mabondia wa hadi kilo 66.7 kwa kawaida huvaa aunsi 8, na wa juu ya hapo huvaa aunsi 10. Hizo ni za pambano, siku ambayo mtu analipwa ili amwangushe mwenzake.

Sparingi ni ishu nyingine. Utaratibu unaofuatwa jimu nyingi duniani uko hivi: mtu mwepesi sana, chini ya kilo 57 hivi, aunsi 12 au 14. Kuanzia hapo hadi kilo 68 hivi, aunsi 14. Zaidi ya hapo, 16. Majitu ya kilo 90 na kuendelea, 16 au hata 18. Makocha wengine hawataki mahesabu, kila mtu mzima anavaa 16, basi.

Kwa nini glovu nzito inapunguza maumivu wakati ina uzito zaidi? Kwa sababu uzito ule ulioongezeka sehemu kubwa ni sponji. Sponji nene inaisambaza ngumi kwenye eneo pana na kuichelewesha kidogo inapotua, halafu mkono wenyewe unakwenda polepole zaidi. Mwenzako bado ataisikia, ila haitamchoma kama ya aunsi 8.

Ila isikudanganye. Glovu ya 16 inapunguza michubuko, mipasuko na ukali wa pigo, lakini ubongo unatikisika bado ukipiga kwa nguvu zote. Ndiyo maana anayesema "leo tumevaa kumi na sita, tufunguke" hajaelewa mchezo. Glovu nzito ni nusu ya kinga, nusu nyingine ni kujizuia kwako.

Watu ambao majina yao hayapo kwenye bango

Tanzania ina majina ya kujivunia kwenye ngumi. Titus Simba alichukua medali ya fedha Michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh mwaka 1970, akizuiwa fainali na John Conteh aliyekuja kuwa bingwa wa dunia. Michael Yombayomba akaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Hassan Mwakinyo, Septemba 2018, alikwenda Birmingham akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili na kitaa kizima hakikulala.

Majina hayo yanajulikana. Wasiojulikana ni waliosimama mbele yao mazoezini, wakala ngumi wiki baada ya wiki bila kamera, bila mkanda, bila jina kwenye bango. Mpinzani wa ulingoni unakutana naye usiku mmoja. Mwenzako wa sparingi unampiga mwaka mzima.

Na watu hao wasiotajwa wanaweza kugeuza historia. Mwaka 1974 Muhammad Ali na George Foreman walitakiwa kupigana Kinshasa tarehe 25 Septemba. Siku chache kabla, Foreman akiwa kwenye sparingi, kiwiko cha mwenzake kikampasua juu ya jicho. Pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 Oktoba. Dunia nzima ilisubiri kwa sababu ya mtu ambaye mashabiki wengi hawawezi kumtaja. Kiwiko hakivai glovu, kweli, lakini tukio lile linaonyesha kwamba mazoezini watu wanaumia kweli.

Hatari yenyewe sio ya kuchezea. Mkenya Robert Wangila, bingwa wa Olimpiki Seoul 1988, alifariki Julai 1994 baada ya pambano la kulipwa Las Vegas. Alikuwa na miaka 26. Hiyo ilikuwa ulingoni, na refa na daktari wapo. Mazoezini kitaani mara nyingi hakuna hata mmoja wao. Kilichobaki kumlinda mtu ni glovu ya mwenzake na utu wake.

Aunsi moja tu

Kama bado unaona aunsi ni kitu kidogo, sikiliza hii. Tarehe 16 Juni 1983, Madison Square Garden, New York, Luis Resto alimpiga Billy Collins Jr. raundi 10 mpaka macho ya kijana yule yakafumba kwa uvimbe. Pambano lilipoisha, baba yake Collins akaenda kumpa Resto mkono wa pongezi, akahisi kitu. Glovu ilikuwa nyembamba mno.

Uchunguzi ukabaini kuwa sponji ilikuwa imechomolewa, kama aunsi moja hivi kwa kila glovu. Resto na kocha wake Panama Lewis wakafungwa jela. Collins aliharibika jicho, hakupigana tena, na mwaka 1984 akafa kwenye ajali ya gari. Miaka mingi baadaye Resto alikiri kwamba hata bandeji zake zilikuwa zimechezewa.

Nje, glovu zile zilionekana za kawaida kabisa. Na hilo ni somo kwa kila anayenunua glovu za mtumba. Namba iliyoandikwa inakuambia uzito, haikuambii uhai wa sponji. Glovu ya 16 iliyopiga begi miaka 3 bado ina uzito ule ule kwenye mizani, lakini sponji yake imelala kama chapati. Bonyeza kwa dole gumba pale kwenye vifundo. Ukikihisi kifundo chako moja kwa moja, hiyo imeshakufa, haifai kwa sparingi hata kama imeandikwa 20. Ndiyo maana mwenye uwezo ana jozi mbili: za begi na za mwenzake, hazichanganywi.

Na kwa watu wa Simiyu, mkoa wa pamba, kuna kishawishi kingine: kushona glovu nyumbani na kujaza pamba. Zamani hata viwandani walijaza manyoya ya farasi, kwa hiyo wazo sio la ajabu. Tatizo ni kwamba pamba ikilowa jasho inashikana, inakuwa mabonge, inakimbilia pembeni na vifundo vinabaki wazi. Ukiipima inaweza kufika gramu 454 bila shida. Kwa kupiga begi taratibu, sawa. Kwa uso wa mtu, hapana.

Turudi Ngulyati

Kilo 78, kilo 58, jozi ya 10 na jozi ya 16. Nani avae ipi?

Cha kwanza, huyo mkubwa asiguse kabisa zile za aunsi 10. Mwenye nguvu zaidi ndiye anayevaa sponji nene zaidi, kwa sababu anayelindwa ni anayepigwa. Kadiri unavyomzidi mwenzako, ndivyo glovu yako inavyotakiwa kuwa nzito.

Cha pili, huyo mdogo naye asivae za 10 kumpiga mwenzake usoni. Kuwa mdogo sio leseni.

Kwa hiyo jibu ni kwamba sparingi ya wawili kupigana kwa pamoja hapo haipo. Kuna jozi moja tu inayofaa, na inatosha kwa njia nyingine. Wafunge bandeji, wavae kinga ya meno, mmoja avae za 16 na kushambulia kwa nguvu ndogo, nusu au chini ya hapo. Mwingine asirudishe, kazi yake ni kuzuia, kukwepa na kutembea. Dakika 2, wanapumzika, wanabadilishana glovu. Siku wakipata jozi ya pili inayofaa, kila mmoja tayari atakuwa anajua kujikinga, kitu ambacho wengi wanaokimbilia kupigana hawakijui.

Hivyo ndivyo glovu ilivyoanza kwenye shule ile ya London: watu wawili wanajifunza, na wote wawili wanarudi nyumbani wakiwa wazima. Bondia akichagua glovu za sparingi, anachagua jinsi mwenzake atakavyoamka kesho asubuhi.

Jimu ya kitaani kwenu mnavaa aunsi ngapi kwenye sparingi, na nani anazikagua? Dondosha komenti hapo chini.