Dramu na Wapigaji Wake

Vyombo vingi vya muziki vina wazazi wanaojulikana. Piano ina Cristofori wa Italia, na saksafoni ina Adolphe Sax, aliyepewa hati ya ubunifu wake mjini Paris katika mwaka wa 1846. Dramu haina baba wa namna hiyo. Lile fungu la ngoma na matuazi ambalo mtu mmoja huketi nyuma yake, akalipiga kwa mikono miwili na miguu miwili, halikubuniwa na mtu mmoja wala kwa siku moja. Lilikusanywa kipande baada ya kipande na watu waliotafuta riziki kwa kupiga. Kila walipopungukiwa walikata, walitoboa, waliongeza au walipunguza. Kisha wenye viwanda wakaja nyuma yao, wakaunda kwa wingi kile ambacho mpigaji alikwisha kukiunda kwa shida. Jambo hili lafaa kukumbukwa kila wapigaji wawili wanapobishana juu ya ubora wa dramu zao, kwa kuwa ubishi wa namna hiyo ndio uliokichonga chombo chenyewe.

Asili yake ni bendi ya askari. Katika karne ya 19 bendi za namna hiyo zilikuwa na watu watatu wa kazi hii: mmoja alipiga ngoma kubwa, ambayo Mswahili angeiita vumi, wa pili alipiga chapuo lililotandikwa nyuzi chini ya ngozi ili lilie kwa mkwaruzo, na wa tatu aligonganisha matuazi. Desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na majeshi. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki ilizaa beni, ngoma ya mashindano iliyoanza Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne hiyo. Katika mji wa New Orleans, kusini mwa Marekani, ilizaa bendi za Wamarekani Weusi zilizopita njiani kwa harusi, sherehe na maziko.

Njiani watu watatu hawakuwa tatizo, maana nafasi ilikuwa tele, na aliyebeba ngoma kubwa hangeweza kubeba nyingine. Bendi zilipoingia katika majumba ya dansi, mambo yakageuka. Jukwaa lilikuwa finyu, na mwenye jumba hakupenda kulipa ujira wa watu watatu kwa kazi iliyoweza kufanywa na mmoja. Kwa hiyo mpigaji akaegemeza chapuo juu ya kiti karibu na vumi, akalipiga hili na lile kwa vijiti vile vile. Ilikuwa kazi ya kuchosha mkono, na wapigaji wakaanza kutafuta namna ya kuutia mguu kazini. Yasemekana kwamba Dee Dee Chandler, mpigaji wa bendi ya John Robichaux huko New Orleans, alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kujitengenezea kanyagio la mbao katika miaka ya 1890. Faida ya mmoja ikawa hasara ya wawili: aliyeweza kupiga yote alibaki na kazi, na wenziwe wakaenda kutafuta nyingine.

Makanyagio ya kwanza yalikuwa mazito. William Ludwig, mpigaji wa Chicago, alipata adha hiyo muziki wa ragtime ulipoanza kwenda mbio, maana mguu wake uliweza kwenda na chombo hakikuweza kuufuata. Akaunda kanyagio fupi la mbao kwa matumizi yake mwenyewe, kisha shemeji yake, Robert Danly, aliyekuwa fundi wa mitambo, akalifanyia la chuma. Wapigaji wengine walipoliona walilitaka, na katika mwaka wa 1909 Ludwig na nduguye Theobald wakafungua biashara yao. Hivi ndivyo kiwanda kimojawapo mashuhuri cha ngoma katika Marekani kilivyoanza: kwa mpigaji aliyeshindwa kuvumilia chombo alichokuwa nacho.

Mguu ulipokwisha kupata kazi, mikono ilipata faragha, na wapigaji wakaanza kuijaza. Kwa Wachina waliokaa katika miji ya Marekani walinunua ngoma ndogo zilizopakwa rangi, ambazo ngozi yake iligongomewa misumari ya vichwa vipana, kwa hiyo haikuweza kukazwa wala kulegezwa. Kutoka Uturuki yalikuja matuazi. Waliongeza kengele za ng'ombe, vigogo vya mbao, filimbi na vikorokoro vingine, hasa waliofanya kazi katika majumba ya sinema. Picha za wakati huo zilikuwa bubu, na mpigaji ndiye aliyetoa mlio wa bunduki, wa farasi na wa radi. Sinema ilipoanza kusema, kuanzia mwaka wa 1927, watu hawa walipoteza riziki yao kwa muda mfupi. Vikorokoro vingi vilitoweka, na vilivyobaki ni vile ambavyo dansi ilivihitaji.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha kwamba mpigaji huchagulia mahali kabla ya kujichagulia nafsi yake. Katika mwaka wa 1923 bendi ya King Oliver ilikwenda Richmond, katika jimbo la Indiana, kutiwa katika sahani za santuri. Mpigaji wake alikuwa Warren Dodds, aliyeitwa Baby Dodds, mtu aliyesifiwa kwa ustadi wa vumi na chapuo. Lakini mitambo ya siku hizo ilipokea sauti kwa pembe kubwa, na kishindo cha vumi kiliweza kuirusha sindano iliyochora nta. Dodds aliacha karibu vyombo vyake vyote, akapiga vigogo vya mbao. Anayezisikiliza sahani hizo leo humsikia mtu mkubwa akisema kwa nusu ya ulimi, na asiyejua sababu huenda akamdhania kuwa mpigaji hafifu.

Ushindani ulipamba moto katika miaka ya 1930, wakati wa bendi kubwa. Wapigaji wawili walitajwa sana, na maumbile yao yalitofautiana kama vyombo vyao. Gene Krupa, wa bendi ya Benny Goodman, alipiga ngoma za kiwanda cha Slingerland cha Chicago. Yeye hakuridhika na ngoma za kando zilizogongomewa misumari, akataka zikazwe kwa skrubu juu na chini ili kila moja iwe na sauti iliyokusudiwa. Alimwendea pia Avedis Zildjian, Mwarmenia ambaye ukoo wake ulifua matuazi Istanbul tangu mwaka wa 1623, naye akafungua kiwanda katika jimbo la Massachusetts mwaka wa 1929. Akamwomba matuazi membamba zaidi kuliko yale ya bendi za askari. Fungu alilolitumia Krupa, yaani vumi, chapuo, ngoma moja ya kando iliyopachikwa juu na moja iliyosimama chini, ndilo linaloigwa hata leo.

Chick Webb alikuwa kiongozi wa bendi katika ukumbi wa Savoy, Harlem. Maradhi ya uti wa mgongo yaliyompata utotoni yalimwacha na kimo kifupi na maumivu yasiyokwisha. Dramu ya kawaida haikumfaa, kwa hiyo vyombo vyake vilitengenezwa na kupangwa kwa kipimo chake: kiti, kanyagio na matuazi vyote viliwekwa mahali mikono na miguu yake ilipoweza kuvifikia. Tarehe 11 Mei 1937 bendi hizi mbili zilishindana katika ukumbi huo wa Savoy mbele ya umati mkubwa. Webb alishinda, na Krupa mwenyewe alikiri hivyo bila kinyongo. Pengine hakuna ushahidi ulio bora kuliko huu kwamba dramu njema ni ile iliyomkubali mwenyewe. Aliyedhaniwa kuwa mnyonge kwa mwili alimshinda mwenye afya, na chombo chake, ambacho mwingine asingeweza kukikalia kwa raha, kilikuwa sehemu ya nguvu zake.

Kisha vita vikaja. Katika mwaka wa 1942 serikali ya Marekani ilikataza vyombo vya muziki visizidi asilimia 10 ya uzito wake kwa chuma na madini mengine yaliyohitajiwa na jeshi. Viwanda vilichonga vishikizo vya mbao mahali pa vya chuma. Vita vilipokwisha, vishikizo vya chuma vilirudi. Lakini jambo jingine lilikuwa limebadilika. Katika vilabu vidogo vya New York, hasa Minton's Playhouse huko Harlem, Kenny Clarke na wenziwe walikuwa wameuhamisha mwendo wa wimbo kutoka vumi hadi tuazi kubwa la juu. Vumi likaachiwa kazi ya kutia vishindo vya ghafula. Ngoma isiyotakiwa kubeba bendi nzima haikuhitaji kuwa kubwa. Vumi la inchi 26 au 28 lilishuka hadi 22, kisha 20, na mwisho 18. Wapigaji walisifu wepesi wa sauti yake. Na waliosafiri kwa teksi walikuwa na sababu nyingine ya kulisifu.

Adui mmoja aliwasumbua wote bila ubaguzi, naye ni hali ya hewa. Wapigaji wa pwani ya Afrika wamjua sana adui huyo, ndiyo maana huanika ngoma juani au huzipasha moto wa makuti kabla ya kucheza. Ngozi ya ndama katika dramu ilinywa unyevu ikalegea, au ilikaushwa na taa za jukwaa ikakaza hata kupasuka. Katika miaka ya 1956 na 1957 Chick Evans na Remo Belli wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walianza kuuza ngozi za plastiki. Wazee walinung'unika kwamba sauti yake ilikuwa kali na haina utu. Malalamiko yao yalikuwa na kweli ndani yake, walakini mtu aliyepiga usiku wa mvua bila kusimama ili kukaza ngozi hakurudi nyuma tena.

Tarehe 9 Februari 1964 Beatles walionekana katika televisheni ya Marekani, na watu wapatao milioni 73 walimtazama Ringo Starr akipiga dramu nyeusi yenye mng'aro wa lulu. Jina Ludwig liliandikwa juu ya ngozi ya mbele, na vijana wasio na hesabu wakataka dramu kama ile. Lakini lililofuata studio halikuonekana katika televisheni. Katika mwaka wa 1966 mhandisi Geoff Emerick alijaza sweta la sufu ndani ya vumi la Ringo na kuvisogeza karibu vipaza sauti. Baadaye ngoma zake nyingine zilifunikwa vitambaa vya kufutia vyombo vya jikoni. Kijana aliyenunua chombo kile kile, akakipiga bila sweta wala kitambaa, alijiuliza kwa nini hapati sauti ile. Alikuwa amenunua jina, na sauti ilikuwa imetoka katika mkono wa mtu, chumba na nguo kuukuu.

Mfano wa Tony Williams ni wa kusaidia zaidi. Alipoingia katika bendi ya Miles Davis mwaka wa 1963, akiwa na umri wa miaka 17, alitumia vumi la inchi 18, na wapigaji wengi wa jazi wakalishika kama sheria. Katika miaka ya 1970, muziki wake ulipochanganyika na magitaa ya umeme yenye makelele, yeye mwenyewe akaliacha, akachukua vumi la inchi 24. Waliomfuata kwa kipimo walibaki na kipimo; yeye alikwenda na muziki.

Katika Afrika ya Mashariki uchaguzi huu wote ulikuwa na mpaka mwingine. Wapigaji wa beni walipiga ngoma za chama chao, awe ni Marini au Arinoti, na heshima ya chombo ilikuwa heshima ya kundi zima. Bendi za dansi zilirithi desturi hiyo. Bendi ya NUTA Jazz, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka wa 1964, ilimilikiwa na chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Katika bendi nyingine vilikuwa mali ya tajiri. Mwanamuziki aliyehama aliondoka na ustadi wake tu. Mpigaji wa namna hiyo hakuulizwa atakacho. Aliketi nyuma ya dramu aliyoikuta, iliyokwisha kupigwa na wengine, akatafuta ndani yake sauti yake mwenyewe kwa kukaza hapa na kulegeza pale.

Yaweza kudhaniwa kwamba huyu alinyimwa kile alichopewa Krupa. Kwa upande wa mali, ni kweli, wala umaskini wa vyombo si jambo la kusifiwa. Lakini kwa upande wa kazi yenyewe, alifanya walilofanya Chandler kwa mbao, Dodds kwa vigogo na Webb kwa kiti chake. Mmarekani aliyekuwa na uwezo alikwenda kiwandani kuomba ngoma ya namna fulani. Mwenziwe wa Dar es Salaam aliiomba kwa ufunguo wa kukazia, usiku, kabla ya wachezaji kuingia. Wote wawili walilinganisha sauti waliyoisikia na sauti waliyoitaka, na hawakukubali kuketi na tofauti iliyokuwa kati yake.