NASABA YAKO NI AMANA: JIFUNZE KUITAFUTA, KISHA WAFUNDISHE WANAO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Chukua kalamu. Andika jina lako, la baba yako, la babu yako, kisha la baba wa babu yako. Sasa nenda upande wa mama: mama yako, bibi yako, mama wa bibi yako. Wengi wetu tutakwama kwenye jina la nne, na upande wa mama tutakwama mapema zaidi.

YALIYOTOKEA HAPA HAPA HANANG

Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa (NAFCO) lilifungua mashamba makubwa ya ngano wilayani kwetu, mradi uliosaidiwa na Kanada. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na watu 67 wakaenda mahakamani kudai ardhi. Mahakama Kuu, Arusha, ikawapa haki. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi ule. Moja ya sababu ni kwamba anayedai ardhi kwa mila alitakiwa kwa sheria ya wakati ule awe mzawa, na mahakama ikaona wadai hawakuthibitisha hilo.

Sisemi daftari la ukoo lingegeuza hukumu. Kesi ile ilikuwa na mambo mengine ya kisheria. Lakini zingatia: mtu anaweza kujijua vizuri kabisa, na siku anapoulizwa ushahidi akakosa cha kuonyesha.

Ndugu zetu Wabarabaig walilalamika pia kwamba trekta zililima juu ya bung'eda, vile vichuguu vya makaburi ya wazee wao wenye heshima. Kwao kaburi lile ni kumbukumbu ya ukoo. Likishalimwa, kinachobaki ni kile kilichomo vichwani mwa watu, na vichwa vinazikwa kila mwaka.

WEMA WALIOTANGULIA WALIISOMA NASABA

Sayyidna Abubakar (r.a.) alijulikana kuwa mjuzi wa nasaba za Makuraishi. Hassan bin Thabit alipotaka kuwajibu washairi wa Makuraishi, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwa Abubakar amfafanulie nasaba kwanza. Jubayr bin Mut'im alijifunza elimu hiyo kwa Abubakar. Kisha Sayyidna Umar (r.a.) alipoanzisha diwani, yaani daftari la wanaopewa haki kutoka hazina, aliwapa kazi ya kuandika majina wajuzi watatu: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na huyo huyo Jubayr. Umeona mnyororo? Mmoja alijua, akamfundisha mwenzake, kisha ikaandikwa, na watu wakapata haki zao.

Na Zayd bin Haritha aliitwa Zayd mwana wa Muhammad mpaka iliposhuka amri, katika Suratul Ahzab, kwamba watoto waitwe kwa baba zao. Mlee yatima, mpende, mlishe, lakini usimfutie ukoo wake.

SASA TUINGIE KAZINI

1. Anza na wewe mwenyewe. Andika unachokijua bila kuuliza mtu: majina, mahali, miaka. Acha nafasi wazi pale usipojua. Nafasi hizo ndizo maswali yako.

2. Nenda kwa wazee, ukianza na mkubwa kuliko wote. Usimwendee kama karani wa sensa. Kaa naye, mwache asimulie, kama ni Kiiraqw au Kidatoga asimulie kwa lugha hiyo hiyo, kisha omba ruhusa umrekodi kwa simu. Chunga maneno ya undugu. "Baba" anaweza kuwa baba mkubwa au baba mdogo, na "ndugu" anaweza kuwa yeyote wa ukoo. Uliza wazi: ni wa tumbo moja? Nani aliyemzaa?

3. Uliza maana ya jina. Tluway kwa Kiiraqw ni mvua. Majina mengi ya wanaume wa Kidatoga huanza na Gida, na mara nyingi kinachofuata hueleza hali ya kuzaliwa. Andika majina yote ya mtu mmoja: la nyumbani, la shule, la dini. Bila hivyo utawafanya watu watatu kutokana na babu mmoja.

4. Tafuta mwaka kwa tukio. Mzee hajui tarehe, lakini anajua alikuwa anachunga ndama au ameshaoa wakati wa Uhuru 1961, wakati wa Operesheni Vijiji katikati ya miaka ya 1970, Vita vya Kagera 1978–79, au kifo cha Sokoine 1984. Kisha piga hesabu. Ukiambiwa baba alizaliwa mwaka wa Uhuru na mwanawe alipigana Kagera, kuna kizazi kimerukwa au majina yamechanganyika. Rudi ukaulize.

5. Fuata karatasi. Cheti cha kuzaliwa, cha ndoa, kadi ya kliniki, daftari la uandikishaji shuleni. Na kumbuka mipaka ilihama. Wilaya ya Hanang ilikatwa kutoka Mbulu mwaka 1969, Babati ikatoka Hanang mwaka 1985, na mkoa wa Manyara ukazaliwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kwa hiyo karatasi ya zamani ya mtu wa Endasak inaweza kusema Mbulu, nyingine ikasema Hanang, Arusha. Usiseme ni watu wawili. Mtu hakuhama, serikali ndiyo iliyohamisha mpaka.

6. Andika nani amekwambia. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea neno bila kuuliza limepitia kwa nani. Nawe andika: nimeambiwa na shangazi fulani, tarehe fulani, naye alikuwepo au alisikia. Wazee wawili wakipingana, andika kauli zote mbili. Usichague inayokupendeza.

TAHADHARI

Utakuta siri: mtoto wa nje, ugomvi wa shamba, mtu aliyekimbia kwao. Hifadhi ukweli, lakini usiwavue watu nguo kwenye grupu la WhatsApp. Utakuta pia mababu Wakristo, au waliofuata mila zao. Usiwafute. Asma binti Abubakar aliambiwa na Mtume (s.a.w.) aunge undugu na mama yake ambaye bado alikuwa mshirikina. Na ukoo si wa kujivunia: Suratul Hujurat imetufundisha kuwa makabila ni ya kutambuana, na mbora ni mchamungu.

Faida yake utaiona siku ya mirathi, warithi watakapotajwa bila kusahau mtu, na siku ya posa, msije mkaozesha wasiohalalishiana.

Likizo hii mpe mwanao daftari moja. Mtume kwa bibi yake na maswali matano tu: ulizaliwa wapi, nani walikuzaa, jina lako lina maana gani, mlihamia lini, nani wamezikwa wapi. Akirudi, mketi mlisome pamoja. Akiwa na swali la sita, basi ameshakuwa mwanafunzi.

Wazee wetu wapo leo. Nenda wiki hii, usingoje msiba ndipo ukaulize ukoo makaburini.

Allah atuunganishie undugu wetu, awarehemu waliotangulia, na awape wazee wetu umri wenye afya. Amin.

Wallahu a'lam. Mfikishie na mwenzako.