Dawa ya Ebola iko: ilitoka wapi, na inamtibu nani

Kule Lumumba, kama katika mitaa mingine ya Bunia, homa haimshangazi mtu. Mtoto akichemka usiku, asubuhi mama anakimbia farmasi kununua dawa ya malaria, na mara nyingi hakosei. Shida ni kwamba Ebola nayo inaanza vilevile: homa, kichwa, viungo kuuma, uchovu, kisha kutapika na kuhara. Damu ambayo wengi wanaingoja kama alama haitoki kwa kila mgonjwa. Na ikitoka, siku nyingi zimeisha kupotea.

Tangu tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 hadi tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, ugonjwa huo uliwapata watu 3,470 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na wachache Kivu ya Kusini. Waliokufa ni 2,287. Tangu wakati ule hadi leo bado mtu anasikia maneno haya kwenye moto na sokoni: "Ebola haina dawa." Zamani yalikuwa kweli. Leo si kweli, angalau kwa Ebola ya aina ya Zaire, ile iliyopita kwetu. Dawa ziko mbili, Ebanga na Inmazeb, na zote ziliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2020. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, lilizipendekeza rasmi mwezi wa 8 mwaka 2022.

Ebanga ina asili ya Kongo kabisa. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye alikuwa ameuona ugonjwa huu kule Yambuku mwaka 1976 ulipojulikana mara ya kwanza, alikuwa huko na waganga wenzake. Walikosa dawa, basi wakajaribu jambo moja: walichukua damu ya watu waliopona, wakawatia wagonjwa 8. Wagonjwa 7 wakapona. Wataalamu wengi wa nje hawakukubali, juu ya idadi ilikuwa ndogo na hapakuwa na kundi lingine la kulinganisha. Kisayansi walikuwa na sababu. Lakini wazo halikufa. Miaka kama 11 baadaye, damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ilichunguzwa tena, na ndani yake wakakuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wake uliwatengeneza ili kupigana na kirusi. Askari mmoja kati ya hao alishika kirusi vizuri kuliko wengine. Maabara wakaweza kumtengeneza kwa wingi, na hiyo ndiyo Ebanga. Mgonjwa anatiwa kwa mshipa, kama serumu, mara moja tu.

Kuthibitisha kwamba inafanya kazi kulifanyika jirani na sisi. Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka 2018, INRB ya Kinshasa pamoja na taasisi ya utafiti ya Marekani walianza jaribio lililopewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Wagonjwa 681 waliingia, katika vituo vya Beni, Mangina, Katwa na Butembo. Hakuna aliyeachwa bila dawa. Dawa zilikuwa nne, na kila mgonjwa alipewa moja kwa kura, ili daktari asichague nani apewe ipi. Mwezi wa 8 mwaka 2019 jaribio lilisimamishwa mbele ya wakati, kwa sababu nzuri: dawa mbili zilikuwa zimeshinda wazi. Kwa waliopewa Ebanga, walikufa 35 kwa 100. Kwa waliopewa Inmazeb, 33 au 34 kwa 100. Zile nyingine mbili, ZMapp na remdesivir, zilipoteza karibu nusu ya wagonjwa.

Kuna hesabu nyingine ndani ya jaribio hilo ambayo ingestahili kuandikwa kwenye mlango wa kila kituo cha afya. Kati ya wagonjwa waliofika ndani ya siku moja tangu dalili kuanza, walikufa 19 kwa 100. Kati ya wale waliokaa na dalili siku 5, walikufa 47 kwa 100. Siku nne za kungoja nyumbani, kujaribu vidonge, kupelekwa kwa maombi au kwa mganga wa miti, zinaonekana katika hesabu hiyo.

Kwa nini watu walingoja? Si ujinga, hata kama wakubwa wengi walisema hivyo. Beni ilikuwa inauawa na ADF kwa miaka bila magari mengi kuja kusaidia; Ebola ilipoingia, magari yakajaa na franga zikaonekana. Ndipo neno "Ebola business" likazaliwa. Mwezi wa 12 mwaka 2018 CENI ikasogeza uchaguzi wa Beni na Butembo hadi mwezi wa 3 mwaka 2019, ikitaja Ebola na usalama, lakini rais mpya aliapishwa mwezi wa 1 bila kura zao. Baada ya hapo, nani angewaamini waliovaa mavazi meupe? Mwezi wa 2 mwaka 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwezi wa 4 daktari wa OMS kutoka Kamerun, Richard Mouzoko, aliuawa hospitalini Butembo. Na hapa Ituri, kule Lwemba katika Mambasa, mwandishi wa redio jamii Papy Mumbere Mahamba aliuawa nyumbani kwake mwezi wa 11 mwaka huohuo. Alikuwa akitangaza kipindi kuhusu Ebola.

Hatari moja inabaki, na haisemwi vya kutosha. Ebanga, Inmazeb na chanjo ya Ervebo, ambayo zaidi ya watu 300,000 walidungwa katika mlipuko ule, zote zilitengenezwa kwa aina ya Zaire. Ebola ina ndugu. Aina ya Sudan ilitokea Uganda mwaka 2022, na tena Kampala mwaka 2025. Aina ya Bundibugyo ilionekana mara ya kwanza mwaka 2007 katika wilaya ya Bundibugyo, ng'ambo tu ya mto Semuliki, kisha Isiro mwaka 2012. Kwa hizo, dawa hizi mbili hazikuidhinishwa.

Hata kipimo kina mpaka wake. Mashine ya GeneXpert, iliyokuwa ikitoa majibu kwa saa chache, ilipima Ebola kwa kutafuta aina ya Zaire. Mgonjwa wa Bundibugyo anaweza kupimwa, karatasi ikasema hana, akarudishwa nyumbani. Ndiyo maana mgonjwa mwenye dalili zote, hasa kama aligusa mgonjwa au maiti, haachiwi kwa karatasi moja: anatengwa, na sampuli yake inachunguzwa tena kwa aina zingine. Wakati wa kungoja jibu, maji ya mshipani, chumvi na kushusha homa vinaokoa watu katika aina zote. Hivyo vinaweza kuanza siku ileile mgonjwa anapofika, hata kabla jina la kirusi halijajulikana.