Maji yenye njaa: historia fupi ya bwawa dogo la bustani

Leo naomba tuache kidogo historia ya wafalme na mikataba. Nataka kuongelea kitu kidogo sana: lile bwawa la bustani, lenye maua ya majini na samaki wawili watatu, ambalo siku hizi tunaliona mbele ya hoteli na ndani ya parseli za watu wenye uwezo, Bukavu na hata Goma. Linajengwa, linajazwa, watu wanapiga picha. Kisha wiki mbili tatu, maji yanageuka kijani kama sombe.

Dawa yetu tunaijua wote. Wanaitaka kijana, anatoa maji yote, anasugua ukuta, anamwaga Javel, anajaza upya. Wiki mbili tatu, sombe tena. Mwenzetu mmoja mwenye diplome ya agronomie anaishi kwa kazi hiyo, na bosi wake amemwambia wazi: maji yasipokaa safi mpaka mwisho wa mwezi, shimo litajazwa simenti na yeye atafute kazi ingine. Akaniuliza, juu mimi nilisomea historia, kama ma-livre yangu iko na jibu. Iko nalo, na ni la zamani.

Mwaka 1849, London, mwanakemia Robert Warington alichukua chombo cha maji cha lita 50 na kitu hivi. Akaweka mchanga, samaki wekundu wawili, na mmea wa majini unaoitwa Vallisneria. Wakati ule ilishajulikana, tangu Jan Ingenhousz alipoandika mwaka 1779, kwamba majani yakipata mwanga yanatoa ile hewa tunayoiita oksijeni. Kwa hiyo Warington alitegemea mmea utawapa samaki pumzi bila yeye kubadilisha maji. Samaki waliishi vizuri. Lakini majani ya zamani yakaanza kuoza, maji yakachafuka, utelezi wa kijani ukashika kioo.

Hapo ndipo namupendea huyu bwana. Hakumwaga maji. Alijiuliza: katika bwawa la porini, nani anakulaka majani yaliyooza? Akaenda kuleta konokono. Konokono wakala uozo na utelezi, maji yakarudi kuwa meupe, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Mwaka 1850 akasoma matokeo mbele ya Chemical Society. Baada ya hapo Waingereza wakapagawa na vyombo vya samaki sebuleni, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba nzima ya samaki. 

Upande wa Ufaransa, mambo yalikuwa ya urembo zaidi. Joseph Bory Latour-Marliac, kule Temple-sur-Lot, alichanganya mbegu za maua ya majini mpaka akapata yenye rangi ambayo yanavumilia baridi ya Ulaya. Aliyaonyesha Paris mwaka 1889. Mchoraji Claude Monet akawa mteja wake. Lakini mwaka 1893, Monet alipoomba ruhusa ya kuchimba bwawa lake Giverny kwa maji ya kijito cha pale, majirani walikataa. Walisema mimea yake ya kigeni itatia sumu kwenye maji wanayofulia na kunyweshea ng'ombe. Watu wanacheka hao wanakijiji mpaka leo. Mimi siwacheki, na mutaona sababu.

Lakini ile kijani yenyewe inatoka wapi? Ni mwani, mimea midogo sana isiyoonekana moja moja kwa macho, na mwani unakulaka chakula kilekile cha mimea mikubwa: azoti, fosfori. Ushahidi mzuri kabisa ulitoka Kanada mwaka 1973. David Schindler na wenzake walichukua ziwa dogo la Ontario, walilolipa namba 226, wakalikata katikati kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili waliweka kaboni na azoti. Upande mmoja tu wakaongeza fosfori. Ule upande ukageuka kijani, mwingine ukabaki vile ulivyo. Picha iliyopigwa kutoka juu inaonyesha ziwa moja lenye rangi mbili, na ilisaidia sana kunyamazisha waliokuwa wanasema fosfori haina kosa.

Sasa turudi kwenye parseli. Fosfori inaingia namna gani? Kwa udongo mweusi wenye samadi tunaopandia maua ya majini. Kwa mabaki ya fufu tunayotupia samaki kila siku. Kwa mvua inayoteremsha udongo wa bustani. Kwa majani ya avoka yanayoanguka na kuoza humo. Na Javel? Inaua mwani, ndiyo, lakini inaua pia mimea, konokono na vidudu vyote, na vile vilivyokufa vinaoza vinakuwa mbolea ya mwani unaofuata. Bwawa lililosafishwa kabisa ni shamba tupu, na kwenye shamba tupu anayewahi ni mwani. Ni kwa sababu hiyo bwawa jipya karibu kila mara linapitia kijani kwanza. Ukiliacha, huku mimea mikubwa imepandwa kwenye changarawe na majani yake yamefunika kama nusu ya uso wa maji, chakula kinaisha na mwani unakufa njaa. Maji meupe ni maji yenye njaa, si maji yaliyooshwa. Bosi mwenye haraka hataki kusikia hivyo, najua.

Kuna wenye watasema: na mbu? Hofu hiyo ni ya kweli, hapa kwetu malaria haichezi. Karne iliyopita, serikali nyingi zilisambaza duniani samaki mdogo wa Amerika anayeitwa Gambusia, juu anakula viluwiluwi vya mbu. Mwaka 1972 watafiti wa California walionyesha upande mwingine wa hesabu: kwenye vidimbwi vya majaribio vyenye Gambusia, maji yaligeuka kijani. Samaki walikuwa wamemaliza pia vile vidudu vidogo vinavyochuja mwani. Kwa hiyo samaki wawekwe, lakini wachache, na wasilishwe sana, ili njaa iwapeleke kwa mbu.

Na sasa wale majirani wa Monet. Mmea unaofyonza fosfori kwa nguvu kuliko karibu yote ni gugu-maji, lile lenye ua la zambarau, asili yake Amerika ya Kusini. Ulizungushwa duniani kwa sababu ya uzuri wake, kwenye mabwawa ya bustani kama haya tunayoongelea. Miaka ya 1950 ulikuwa umeshajaa kwenye mto Congo, na Wabelgiji waliumwagia dawa bila kuumaliza. Miaka ya 1990 ulifunga bandari za Ziwa Victoria, Kisumu na Port Bell. Kwenye bwawa lako utasafisha maji vizuri sana, na ndiyo maana kuna wanaouuza. Mimi siushauri kabisa. Maua ya majini ya kwetu yanatosha, pamoja na Ceratophyllum, ule mmea wa chini ya maji unaoota kwenye maziwa mengi ya Afrika. Na kila unachong'oa, hata kiwe kidogo, kikaushwe juani kisha kiende kwenye mashimo ya mbolea. Kisitupwe kwenye mfereji, juu mifereji ya Bukavu yote tunajua inateremkia wapi.